Mfahamu Ronald Ross, daktari aliyefumbua fumbo la viluwiluwi vya mbu

Mvua zikishanyesha wiki mbili tatu, wale wenye kidimbwi cha maua au cha samaki uani huanza kuona vitu vidogo vikicheza majini. Vingine vinajinyonganyonga, vingine vinatambaa kwa miguu kwenye tope, vingine ni vyekundu kama uzi. Swali huwa ni lile lile: je, hivi ni viluwiluwi vya mbu au ni wadudu wengine? Na kama ni vya mbu, ni mbu yupi?

Usilidharau swali hilo. Yupo daktari aliyehangaika nalo miaka mingi, akapasua mamia ya mbu wasio sahihi, mpaka siku moja alipoletewa chupa yenye viluwiluwi vya aina nyingine. Chupa ile ndiyo iliyoonyesha njia ya malaria kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Daktari huyo ni Ronald Ross. Leo nakusimulia maisha yake, na mwishoni tutatazama pamoja kilichomo kwenye maji ya uani kwako.

Mtoto aliyetaka kuwa mshairi

Ross alizaliwa Mei 13, 1857 katika mji wa Almora, milimani kaskazini mwa India, siku tatu tu baada ya askari wa Kihindi kuanza maasi dhidi ya Waingereza katika mji wa Meerut. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Waingereza nchini humo, ambaye baadaye alifikia cheo cha jenerali. Ronald alikuwa mzaliwa wa kwanza kati ya watoto kumi.

Alipofikisha miaka minane alipelekwa Uingereza kulelewa na ndugu wa familia katika Isle of Wight. Huko alipenda mashairi, muziki, uchoraji na hesabu. Ukimuuliza mwenyewe, asingekuchagulia udaktari. Aliyemchagulia ni baba yake, aliyetaka mwanawe ajiunge na idara ya tiba ya India. Basi katikati ya miaka ya 1870 akaingia kusomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's mjini London, akiwa mwanafunzi ambaye moyo wake haukuwa darasani. Mtihani mmoja ulimshinda, akafanya kazi ya udaktari melini kwa muda, na mwaka 1881 ndipo alipofaulu kuajiriwa India.

Nakueleza haya, msomaji, kwa sababu kuna watu hudhani wagunduzi wakubwa walikuwa vipanga tangu utotoni. Huyu hakuwa hivyo. Miaka yake ya mwanzo kazini aliitumia sana kuandika mashairi na riwaya na kujifunza hesabu peke yake, na wala malaria haikuwa kichwani mwake.

Pipa la Bangalore

Mwaka 1883 Ross alipangiwa kazi Bangalore, kusini mwa India. Nyumba aliyopewa ilikuwa nzuri, ila mbu walikuwa wengi kupita kiasi. Akachunguza, akakuta pipa la maji karibu na dirisha lake. Ndani ya maji mlikuwa na viluwiluwi vinavyojinyonga kwa maelfu. Akalipindua pipa, maji yakamwagika, na mbu wakapungua sana chumbani mwake.

Alifurahi, akaenda kumwambia ofisa mwenzake wa kambi kwamba wakimwaga maji ya mapipa, vyungu na makopo yote, wataondokana na kero ya mbu. Ofisa yule alikataa. Aliona kwamba kama mbu wameumbwa, basi wapo kwa sababu fulani, na si kazi ya binadamu kuingilia mpango huo.

Tafakari jambo hilo. Ross wakati ule hakujua kabisa kwamba mbu anaeneza malaria. Hakuna aliyejua. Jina lenyewe la malaria lina asili ya Kiitaliano na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa watu waliamini homa hiyo inatokana na mvuke wa mabwawa. Lakini daktari kijana alikwisha kujifunza somo moja kubwa: ukitaka kumpunguza mbu, mtafute akiwa bado majini, kabla hajaota mabawa.

Mzee Manson na nadharia yenye kasoro

Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Constantine nchini Algeria, aliona kwa hadubini vimelea hai ndani ya damu ya mgonjwa wa malaria. Wengi hawakumwamini. Ross naye alikuwa miongoni mwa wenye shaka, kwa sababu kila alipotazama damu ya wagonjwa wake hakuviona vimelea hivyo.

Mwaka 1894, akiwa likizo London, alikwenda kwa Patrick Manson, daktari aliyekaa China miaka mingi. Manson alimwonyesha vimelea kwenye hadubini, na shaka ya Ross ikaisha siku hiyo.

Manson hakuwa mtu wa kawaida katika mambo ya mbu. Mwaka 1877, akiwa Amoy nchini China, aligundua kwamba minyoo wadogo walioko kwenye damu ya wagonjwa wa matende huingia na kukua ndani ya mbu. Ndugu zangu wa pwani, kuanzia Tanga mpaka Lindi na Mtwara, wanaujua vyema ugonjwa wa matende na mabusha, na ugunduzi ule wa Manson unawahusu moja kwa moja. Sasa Manson alihisi kwamba hata malaria ina njia kama hiyo. Akampa Ross kazi: rudi India, uitafute malaria ndani ya mbu.

Hata hivyo nadharia ya Manson ilikuwa na kasoro. Alidhani mbu akishakunywa damu yenye vimelea huenda kutaga na kufia majini, halafu mtu hupata malaria kwa kunywa maji hayo. Ross alijaribu. Aliwapa watu waliojitolea maji waliyofia mbu walionyonya damu ya wagonjwa, na majaribio hayo hayakuthibitisha lolote. Majaribio kama hayo leo yasingepita katika kamati yoyote ya maadili ya utafiti.

Nisisitize hapa: malaria haipatikani kwa kunywa maji, hata yawe na viluwiluwi. Haipatikani kwa kunyeshewa mvua wala kwa kula maembe mabichi. Imani hizo bado zipo mitaani, na zinawachelewesha watu kutafuta kinga iliyo sahihi.

Chupa iliyobadilisha kila kitu

Ross alirudi India mwaka 1895 na kupangiwa Secunderabad. Utaratibu wake ulikuwa huu: wasaidizi wake walikusanya viluwiluwi kutoka kwenye madimbwi, vyungu na mitaro. Viluwiluwi viliwekwa kwenye chupa mpaka vikawa mbu. Alifanya hivyo ili awe na mbu ambao hajamuuma mtu yeyote. Kisha mbu hao waliachiwa ndani ya chandarua alicholala mgonjwa wa malaria, wakanyonya damu, halafu wakakamatwa na kupasuliwa mmoja mmoja chini ya hadubini.

Ni kazi ya kuchosha macho na mgongo. Joto lilikuwa kali, na hakuweza kupepewa kwa sababu upepo ungepeperusha vipande vya mbu. Jasho la mikono na paji la uso lilishika kutu skrubu za hadubini yake. Katikati ya kazi akahamishwa kwenda Bangalore kupambana na mlipuko wa kipindupindu, na mwaka 1897, akiwa anachunguza malaria katika milima ya kusini, yeye mwenyewe akaugua malaria.

Tatizo kubwa halikuwa joto wala homa. Tatizo lilikuwa mbu wenyewe. Ross hakuwa mtaalamu wa wadudu, na vitabu vya kumsaidia kutambua mbu wa India hakuwa navyo. Aliwagawa kwa kuwatazama tu: wa kijivu, na wenye mistari. Leo tunafahamu kwamba hao walikuwa jamii ya kuleksi na aedesi, ambao hawaenezi malaria ya binadamu. Kwa hiyo kwa takriban miaka miwili alikuwa akitafuta kitu mahali ambapo hakipo, si kwa uzembe, bali kwa sababu viluwiluwi alivyoletewa vilikuwa vya mbu wasiohusika.

Katikati ya Agosti 1897, mmoja wa wasaidizi wake alimletea chupa yenye viluwiluwi vya aina ambayo hawakuwa wameizoea. Vilipogeuka kuwa mbu, walikuwa wa rangi ya kahawia, mabawa yenye madoadoa, na wakitua wanainua mkia juu. Ross akawaona kuwa ni wageni kwake.

Agosti 16 aliwaachia mbu hao kwa mgonjwa aitwaye Husein Khan, ambaye alilipwa anna moja kwa kila mbu aliyemuuma. Anna 16 zilifanya rupia moja, fedha ambayo hata mababu zetu wa pwani waliitumia. Siku zilizofuata Ross aliwapasua mbu wale kwa uangalifu, kwani walikuwa wachache na wengine walikufa mapema.

Agosti 20, 1897, siku nne baada ya mbu kunyonya damu, aliona kwenye ukuta wa tumbo la mbu mmoja seli za mviringo zenye chembe nyeusi. Chembe za aina hiyo alizifahamu: ni zile zile za vimelea vya malaria. Kesho yake akampasua mbu mwingine, akakuta seli hizo zimekua zaidi. Maana yake vimelea vilikuwa hai na vinakua ndani ya mbu. Usiku ule alimwandikia mkewe Rosa shairi la kumshukuru Mungu. Kila mwaka Agosti 20 huadhimishwa kuwa Siku ya Mbu Duniani kwa kumbukumbu hiyo.

Msomaji, tusimsahau yule msaidizi aliyeleta chupa, wala Husein Khan aliyetoa mwili wake kwa anna chache. Historia imemjaza sifa bwana daktari, lakini bila watu hao hadubini yake isingeona kitu.

Shomoro wa Calcutta

Ungedhani baada ya hapo wakubwa wangemwacha aendelee. La hasha. Muda si mrefu alihamishiwa Kherwara, kituo cha mbali huko Rajputana ambako malaria ilikuwa adimu. Miezi kadhaa ikapotea. Manson, akiwa London, alihangaika na wakubwa mpaka mwanzoni mwa 1898 Ross akapelekwa Calcutta kufanya utafiti.

Calcutta nako kulikuwa na hofu ya tauni, na watu walimwogopa daktari yeyote anayetaka kuwachoma kidole. Akakosa wagonjwa. Ndipo akageukia ndege, kwa sababu ndege nao wana malaria yao, inayoenezwa na mbu wa kijivu aliokuwa anawajua vizuri. Akisaidiana na Mohammed Bux, msaidizi wake mahiri, alifuatilia vimelea kutoka tumboni mwa mbu hadi vikapasuka na kusambaa mwilini, kisha vikakusanyika kwenye tezi za mate, zile zinazotoa mate mbu anapouma. Julai 1898 aliwaachia mbu wenye vimelea wawaume ndege wazima, wakiwamo shomoro. Baada ya siku chache ndege hao waliugua.

Fumbo likawa limefumbuliwa. Malaria haimo kwenye maji wala kwenye hewa. Imo kwenye mate ya mbu.

Miezi michache baadaye, Giovanni Battista Grassi na wenzake nchini Italia walithibitisha kwamba malaria ya binadamu inaenezwa na mbu jamii ya anofelesi, ndio wale wenye mabawa ya madoadoa. Badala ya kushukuriana, Ross na Grassi waligombana vibaya kuhusu nani alitangulia. Mwaka 1902 Ross alipewa peke yake Tuzo ya Nobel ya Tiba, akiwa raia wa kwanza wa Uingereza kupata Nobel. Ugomvi haukuisha. Uzeeni alifarakana hata na Manson aliyemfungulia njia. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi na kinyongo kirefu, na hilo nalo ni sehemu ya maisha yake.

Freetown: kusoma madimbwi

Mwaka 1899 Ross aliondoka India na kwenda kufundisha katika chuo kipya cha tiba za magonjwa ya joto mjini Liverpool. Mwaka huo huo akaongoza msafara kwenda Freetown, Sierra Leone. Hapo ndipo kazi yake inapotugusa sisi Waafrika.

Freetown alitembea mitaa kwa mitaa akitazama maji. Aligundua kwamba viluwiluwi havikai ovyo. Vile vya kuleksi alivikuta zaidi kwenye vyombo karibu na nyumba: mapipa, vyungu, makopo. Vya anofelesi alivikuta kwenye madimbwi ya ardhini, yale madogo yanayobaki kando ya barabara baada ya mvua, yenye jua na majani kidogo. Na hata kwa kutazama tu majini, bila hadubini, aliweza kuvitofautisha kwa jinsi vinavyolala.

Kuanzia hapo Ross akawa mhubiri wa jambo moja: fukieni madimbwi, chimbeni mitaro, mwageni maji yaliyotuama, tieni mafuta juu ya maji yasiyoweza kuondolewa. Alitaka kila mji uwe na kikosi cha wafanyakazi wa kazi hiyo tu, na akaandika kitabu cha kueleza namna ya kuunda vikosi hivyo.

Mafanikio yalikuwepo. Mwaka 1902 aliitwa Ismailia, mji ulioko kwenye Mfereji wa Suez nchini Misri, ambao ulikuwa ukipata wagonjwa wa malaria wapatao 2,000 kwa mwaka. Maji yaliyotuama yakaondolewa au kutiwa mafuta, na katika miaka michache malaria ikabaki kidogo sana. Lakini kushindwa nako kulikuwepo. Huko Mian Mir, karibu na Lahore, maofisa walijaribu njia hiyo na matokeo yakawa hafifu, na Freetown kwenyewe, kwenye mvua nyingi na fedha chache, mbu walirudi. Ross alilalamika kwamba kazi ilifanywa nusu nusu. Fundisho ni kwamba kuua viluwiluwi hufaa pale ambapo mazalia yanajulikana, yanafikika na kazi inarudiwa kila wiki.

Mwishoni mwa 1907 alifika Mauritius, jirani yetu katika Bahari ya Hindi, kisiwa kilichokuwa kimeteswa na malaria tangu mlipuko mkubwa wa miaka ya 1860. Hapo mapenzi yake ya zamani ya hesabu yakapata kazi. Alipiga hesabu kuonyesha kwamba si lazima kumuua kila mbu. Wakipungua hadi kiwango fulani, kila mgonjwa ataambukiza chini ya mtu mmoja, na malaria itaanza kufifia yenyewe. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko bado wanajenga hesabu zao juu ya msingi huo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1911 alipewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza. Mwaka 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, mwanawe mkubwa aliuawa vitani Ufaransa katika mapigano ya Le Cateau. Mwaka 1926 ilifunguliwa London taasisi ya magonjwa ya nchi za joto yenye jina lake. Mkewe Rosa alifariki mwaka 1931, na yeye akafariki Septemba 16, 1932 katika taasisi hiyo hiyo, akiwa na umri wa miaka 75.

Alikufa akiamini malaria ingeweza kushindwa iwapo serikali zingekuwa na nia. Leo, zaidi ya miaka 90 baadaye, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000. Asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika kanda yake ya Afrika, wengi wao wakiwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Njia tunaijua tangu 1898. Kinachotuua ni kuchelewa.

Sasa twende kwenye kidimbwi chako

Chukua bakuli jeupe au upawa. Sogea taratibu bila kivuli chako kuangukia maji, maana viluwiluwi vya mbu vikihisi kivuli huzama. Chota maji ya pembeni, penye majani. Subiri dakika mbili yatulie, kisha angalia.

Kiluwiluwi cha mbu hakina miguu. Kina kichwa, kifua kinene na mwili mwembamba, na hujinyonga kikienda. Hupanda juu mara kwa mara kupumua. Kikilala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea, hicho ni cha anofelesi, mbu wa malaria. Kikining'inia kichwa chini huku kimetoa kibomba cha kupumulia juu ya maji, ni cha kuleksi au aedesi. Kuleksi ndiye anayeeneza matende na mabusha katika maeneo mengi ya pwani yetu, na aedesi anaeneza homa ya dengue, iliyowasumbua sana wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Ukiona kitu kilichojikunja kama alama ya mkato kikirukaruka majini, hilo ni bundo la mbu. Siku moja au mbili tu, nalo linatoka mbu kamili.

Ukiona mdudu mwenye miguu sita, macho makubwa na rangi ya tope, usimuue. Huenda huyo ni mtoto wa kereng'ende, na chakula chake ni pamoja na viluwiluwi vya mbu. Vijinyoo vyekundu vinavyoishi kwenye tope la chini ni watoto wa visubi wa majini wasiouma watu. Na vile vyenye kichwa kikubwa cha mviringo na mkia mpana ni watoto wa chura, ambao nao kwa bahati mbaya tunawaita viluwiluwi. Jina moja, viumbe tofauti.

Elewa pia kwamba kiluwiluwi chenyewe hakina malaria. Mbu hupata vimelea akishakuwa mkubwa na kumuuma mgonjwa, kisha huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine. Ndiyo maana kumtibu mgonjwa mapema ni kinga kwa nyumba nzima.

Katika joto letu, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili katika siku saba hadi kumi na nne. Kwa hiyo weka siku moja ya wiki kuwa ya kazi hii. Mwaga na kusugua ndoo, sahani za maua, matairi na makopo. Funika mapipa na matangi. Kidimbwi kikubwa weka samaki wadogo, kama vifaranga vya perege, na ng'oa majani ya kandokando ambamo viluwiluwi hujificha. Kama huwezi kuweka samaki, waulize maofisa afya wa kata kuhusu viuadudu vya kibayolojia vinavyoua viluwiluwi. Kibaha, mkoani Pwani, kuna kiwanda kinachovitengeneza. Usimwage oili chafu kwenye kidimbwi kama walivyofanya zama za Ross; itaua samaki na wale kereng'ende wanaokusaidia, na kuchafua udongo.

Usijidanganye kwamba vyombo vya nyumbani havizai mbu wa malaria. Yupo anofelesi wa Asia aitwaye stefensi anayependa matangi na mapipa ya mjini. Aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, baadaye Ethiopia, na sasa amefika kaskazini mwa Kenya. Lile pipa la Bangalore limetufuata mpaka huku.

Na haya yote hayaondoi chandarua chenye dawa. Lala ndani yake kila usiku, uone mbu usione. Wewe, mtoto wako au mama mjamzito nyumbani akipata homa, msinunue dawa kwa kubahatisha. Nendeni kituo cha afya mkapime siku hiyo hiyo, na mkikutwa na malaria malizeni dozi yote ya dawa mseto hata kama nafuu imekuja siku ya pili.